Mtu si kipande

Ukitaja saikolojia kwenye ofisi zetu, watu wanafikiria Mirembe. Kwamba kuna mtu kachanganyikiwa, apelekwe Dodoma. Ndiyo maana nikiwaambia wenzangu kuna saikolojia ya kazi, tawi zima la elimu linalochunguza kwa nini watu wanajituma mahali fulani na kutegea mahali pengine, wanacheka. Wanasema hayo ni mambo ya Wazungu wenye viwanda.

Mimi nasema hapana. Sisi wa Kigoma tulipaswa kuwa wa kwanza kuielewa.

Kwetu ni Muyama, kwenye milima ya Buha. Siku hizi tuko wilaya ya Buhigwe, lakini kabla ya 2012 tulikuwa Kasulu. Enzi za Mwingereza, Kasulu na Kibondo zilifanywa ghala la vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda wakala wao wa kukusanya watu, SILABU. Vijana wa Kiha wakasombwa kwenda Tanga na Morogoro, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Babu yangu alikuwa mmoja wao.

Huko walipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Usipomaliza ulichopangiwa, siku hiyo haihesabiwi. Babu hakulalamikia sana miiba ya mkonge. Kilichomuuma mpaka uzeeni ni nyapara aliyekaa naye miaka bila kujua jina lake.

Sasa twende Marekani. Kati ya 1924 na 1932, kwenye kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, watafiti walitaka kujua kama mwanga wa taa unaongeza uzalishaji. Wakaongeza mwanga, kazi ikapanda. Wakapunguza, mara nyingine ikapanda vilevile! Elton Mayo na wenzake wakahitimisha kwamba mfanyakazi hubadilika anapoona anajaliwa na kusikilizwa. Wataalamu wa baadaye wamezikosoa sana takwimu zile, na wana haki. Lakini swali lenyewe lilibaki: mfanyakazi anataka nini zaidi ya mshahara?

Hapa kwetu wafanyakazi walilijibu bila mtafiti. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Watu wakausoma, wakauelewa kuliko waandishi wake walivyotarajia. Ikafuata migomo, na mingi haikuhusu mshahara. Ilihusu mabosi wanaotukana watu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifikia hatua ya kukitwaa kiwanda chenyewe.

Je, tumejifunza? Niliwahi kuandikia gazeti moja, jina naliacha. Ukutani kulikuwa na ubao wa kuhesabu habari za kila mwandishi kwa wiki. Anayefuatilia ufisadi kwa wiki tatu alisomeka sifuri. Anayekwenda kwenye semina nne za hotelini, akarudi na habari nne, alikuwa shujaa. Basi kila mtu akakimbilia semina. Mhariri akawa anashangaa kwa nini gazeti limepoa. Kile kilikuwa kipande, ila hakikushikwa mkononi.

Serikalini nako tulianza na fomu za siri, mwaka 2004 ikaja OPRAS, na siku hizi ni PEPMIS kwenye kompyuta. Sipingi kupima kazi. Mwalimu anayefundisha kweli anastahili kutofautishwa na anayeshinda dukani. Lakini mwalimu wa kijijini kama kwetu akijaza malengo yake, halafu asiwepo wa kumuuliza analala wapi na darasa lake lina watoto wangapi, tumempima nini hasa?

Na tusidanganyane, elimu hii ina upande wake mbaya. Bosi mjanja anaweza kuitumia kukufanya utabasamu huku malimbikizo yako hayalipwi. Keki ya siku ya kuzaliwa hailipi kodi ya nyumba. Haki kwanza, saikolojia baadaye.

Ninachotaka ni kidogo tu. Kabla ofisi haijaleta fomu mpya, iwaulize wanaofanya kazi ile ni kipi kinawakwamisha, kisha ifanyie kazi angalau jambo moja. Hilo halihitaji mtaalamu kutoka Ulaya.

Kwako wewe, bosi wako anajua unachofanya kweli, au anajua namba zako tu?