Farasi Aliyenyamaza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, na kwa kuwa umeniuliza kama shangazi yako na pia kama daktari wa mifugo, nitakujibu kwa vyote viwili.

Unasema hapo Karen umekabidhiwa farasi aliyestaafu mbio za Ngong, dume wa hudhurungi aliyehasiwa, mwenye miaka 9. Alipofika alikuwa mwepesi wa kushtuka, turubai likipepea tu ameruka. Sasa husimama bandani akielekea pembe ya ukuta, na hata ndoo ya chakula ikigongwa masikio hayageuki. Mwenye farasi amefurahi, anasema mnyama ametulia, na mwezi ujao atawapandisha watoto wanaoanza kujifunza. Wewe moyo wako umekataa. Umefanya vyema kuusikiliza.

Farasi aliyepumzika kwa raha anajulikana. Hulegeza mguu mmoja wa nyuma akasimamisha ncha ya kwato, kope zikafumba nusu, mdomo wa chini ukaning'inia, na ukipita nyuma ya banda sikio moja litakufuata. Wa kwako, kwa jinsi ulivyomweleza, macho yako wazi lakini hayatazami kitu, shingo imenyooka usawa wa mgongo, na dunia inampita. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes nchini Ufaransa, wakiwamo Carole Fureix na Martine Hausberger, walichapisha uchunguzi wa farasi 59 wa vyuo vya kupanda farasi, na mkao huohuo ndio waliouandika. Farasi walionywea namna hiyo waliguswa wasijali, mtu akatokea mlangoni wasijali. Damu yao ilikuwa na homoni ya kotisoli kidogo kuliko ya wenzao. Lakini walipowekwa katika hali ngeni na ngumu, hao hao walishtuka kuliko wenzao.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena, mwanangu, kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi. Farasi aliyejifungia ndani hajaacha kuogopa. Ameacha kuonyesha tu. Atambeba mtoto siku nyingi bila tatizo, mpaka siku mfuko wa plastiki upeperuke au bodaboda ipige honi nje ya ua, na hapo hakuna sikio lililogeuka kumwonya mtu wala misuli iliyotangulia kukaza. Farasi mwenye hisia kali anayeonyesha hofu yake ni salama kuliko huyu, maana unaiona ikija.

Sisemi ana sonona kama ya binadamu. Hawezi kutusimulia, nasi hatuna haki ya kumsemea. Ninachosema ni kwamba hali yake inaonekana kwa macho, ina sababu, na nyingi ya sababu hizo zimo mikononi mwa wanaomtunza.

Kabla ya kuzungumzia moyo wake, tafuta maumivu. Mpime joto asubuhi kabla hajatoka: farasi mzima huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, na mapigo ya moyo akiwa ametulia huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Mfunue mdomo utazame ufizi. Ukiwa na umanjano, au joto likipanda, mwite daktari siku hiyohiyo, kwa maana homa ya kupe humnyong'onyeza farasi hivihivi na watu wakadhani ni tabia. Pitisha vidole kandokando ya uti wa mgongo, pale tandiko linapokaa, uone kama anajikunja. Meno nayo yakaguliwe. Meno ya farasi hukua nje miaka mingi na kingo zake huwa kali, zikamkata mashavu kila anapotafuna au lijamu linapovutwa.

Ila kama ningelazimika kuanzia mahali pamoja, ningeanzia tumboni. Tumbo la farasi humwaga asidi usiku na mchana, ale asile. Kinachoipoza ni mate, na farasi hatoi mate mengi ila anapotafuna. Aliumbwa atembee akichuma nyasi kwa sehemu kubwa ya siku na usiku, saa kumi na sita hivi kati ya ishirini na nne. Sisi tukamtia bandani, tukampa nafaka mara mbili au tatu na nyasi kiganja, kisha tukamkimbiza tumbo likiwa tupu, asidi ikarukia sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga. Farasi walio wengi katika mazoezi ya mbio wana vidonda vya tumbo, na wa kwako ametoka huko. Mtazame anapokazwa mkanda wa tandiko: je, hugeuza kichwa kutaka kuuma, au husaga meno? Je, huacha nafaka akala nyasi? Dawa ipo, omeprazoli, lakini ni ya kuandikiwa na daktari kwa kipimo na kwa wiki kadhaa, na haitafaa kitu ikiwa chakula hakitabadilika. Farasi wa kilo 500 apate nyasi kavu zisizopungua kilo 7.5 kwa siku, na kilo 10 ni bora. Nyasi ya Boma Rhodes inatosha kabisa ikiwa haina ukungu. Punguza nafaka, na asipitishe muda wa saa nne bila kitu cha kutafuna.

Hapa utakutana na ugumu ambao wenzetu wa Ulaya hawaujui. Wao humwambia mwenye farasi mnyong'onyevu, mwache nje usiku kucha. Sisi hatuwezi kusema hivyo kwa wepesi. Tuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, na visubi wanaoueneza huruka kuanzia machweo hadi mapambazuko, hasa baada ya mvua. Farasi wengi wakiupata hufa. Chanjo ni lazima, na kumlaza ndani ni busara. Lakini hesabu uone: akifungiwa saa kumi na moja jioni na kutolewa saa moja na nusu asubuhi, hizo ni saa kumi na nne na nusu za kuta nne. Akiishiwa nyasi usiku wa manane, mpaka asubuhi atakuwa na asidi, giza na upweke. Kwa hiyo ukimfungia, mfungie na nyasi za kumfikisha alfajiri, ndani ya wavu wenye matundu madogo ili azichume polepole. Omba dirisha la ndani litobolewe kati ya banda lake na la jirani, la nje liwekwe chandarua. Na jua likishachomoza vizuri, atoke, na akae nje mchana kutwa. Kumrudisha bandani saa nne asubuhi ili asichafuke ni kumnyang'anya siku yake kwa ajili ya brashi.

Umetaja kwa ufupi, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa jike aliyekuwa akitoka naye aliuzwa Gilgil. Si jambo dogo. Farasi ni mnyama wa kundi. Ana mwenzi anayesimama naye kichwa kwa mkia wakifukuziana nzi, anayemkuna shingo, anayekaa macho wakati yeye amelala. Alipoondoka yule jike, wa kwako alipoteza vyote hivyo kwa siku moja, na hakuna aliyempa mwingine. Mtafutie mtulivu, mzee kama yupo. Waonane kwanza kupitia uzio kwa siku kadhaa, wanuse, wapige kelele zao, kisha waachie mahali penye nafasi na pasipo na pembe ya kumbana mmoja. Farasi asipopatikana, hata punda au mbuzi huwa faraja, na mazizi ya mbio yametumia mbuzi kwa kazi hiyo tangu zamani.

Mwenzi ana faida nyingine ambayo watu wa mabanda huisahau, nayo ni usingizi. Farasi husinzia akiwa amesimama, lakini ule usingizi mzito wa ndoto haumjii mpaka alale chini, na hulala chini pale tu anapojiona salama. Anahitaji kama nusu saa au zaidi kwa siku. Asiyelala hujilimbikizia uchovu mpaka magoti yanakunjika ghafla akiwa wima. Angalia vifundo vyake vya mbele: ukikuta makovu au magamba mbele ya kifundo, huenda anaporomoka usiku. Asubuhi tafuta vumbi la mbao kwenye ubavu na kwenye mkia. Lipo, amelala. Halipo siku baada ya siku, mwongezee matandiko, na umpe jirani anayemwona.

Nije kwenye kazi. Farasi mwepesi wa hisia huhisi nzi akitua begani, na bado mpanda farasi anayeanza humpiga visigino huku akivuta hatamu. Mguu unasema nenda, mkono unasema simama. Akienda anaumizwa, akisimama anaumizwa. Mkaidi atamtupa mtu chini. Mpole hujaribu kila jibu analolijua, na yote yakishindikana huacha kujibu. Watu huita hali hiyo uvivu na kuongeza fimbo. Wewe usimpige, na usikubali apigwe. Kila unapomwomba kitu, omba kidogo, na akielekea kukitenda achia papo hapo. Siku nyingi usimpande kabisa. Mtembeze kwa kamba nje ya ua, mwache achume nyasi kando ya njia, mwache asimame kutazama anachotaka kutazama. Kumruhusu achague upande wa kwenda, hata kwa dakika chache, kunamrudishia kitu alichonyang'anywa muda mrefu.

Mkune pale shingo inapoungana na mgongo, kama wanavyokunana wenyewe kwa wenyewe. Watafiti walipima zamani wakaona mapigo ya moyo hushuka farasi akikunwa hapo. Usimkimbilie usoni kwa mapenzi wala kumkumbatia. Simama ubavuni, nyoosha mkono, ngoja. Akigeuza kichwa upande mwingine, ondoka, urudi baadaye. Na ukiwa na hasira zako za siku, zitulize kabla ya kufungua mlango: mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Sussex kilionyesha kuwa farasi wakiona picha ya uso wa binadamu mwenye hasira, moyo wao huenda mbio.

Karoti mpe, lakini usidhani ni tiba. Wale watu wa Rennes na wenzao walirudi mwaka 2015 wakawapa farasi sukari, na walionywea walikula kidogo kuliko wengine. Utamu wenyewe ulikuwa umepungua kwao. Kwa hiyo itumie karoti kama kipimo. Siku atakapoipokea kwa pupa, akakutafuta mfukoni, iandike.

Nunua daftari. Kila jioni andika alivyosimama, masikio yalivyokuwa, alivyokula, kama alilala, mavi yake yalikuwaje, alimsogelea nani. Usitarajie mabadiliko kwa siku mbili tatu. Hesabu kwa wiki, pengine miezi. Na ujue kwamba akianza kupona huenda akawa msumbufu kuliko sasa: ataruka turubai, atakataa mkanda, atamfokea jirani. Mwenye mali atasema umemharibu. Hapo daftari litakusaidia kuliko maneno, maana litamwonyesha farasi anayerudi.

Mwenye farasi si mtu mbaya. Ana mishahara ya kulipa, na farasi asiyesumbua ni riziki kwake. Usiende kwake na lawama. Mweleze kuhusu tumbo na maumivu, mambo ambayo daktari anaweza kuyathibitisha, umwonyeshe pia kwamba mtoto akianguka hasara itakuwa kubwa kuliko gharama ya daktari na wavu wa nyasi. Akitaka, mpe simu yangu. Nitakuja mwenyewe na vifaa vyangu.

Lakini hili moja naomba unishikie, hata ukipuuza mengine yote: mtoto yeyote asipandishwe mgongoni mwa farasi huyo mpaka awe amekaguliwa na daktari, amepata mwenzi, na umeona masikio yake yakigeuka tena.

Mimi shangazi yako anayekupenda.