Gunia la mama na gemu langu

Najua kimya changu kimekuwa kirefu. Kuna waliosema nimedisko, kuna waliosema nimeoa. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa nyumbani Bulongwa likizo nzima, natengeneza gemu la kompyuta. Ndiyo, mimi huyu huyu wa Ualimu, Historia na Kiswahili, ambaye hata kupanga kurasa za asaimenti huwa naomba msaada.

Ilianza hivi. Nilisoma kisa cha Mmarekani mmoja, Don Rawitsch. Mwaka 1971 alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kama sisi tukienda TP, anafundisha Historia huko Minneapolis. Alitaka wanafunzi waelewe safari ya wahamiaji waliokwenda magharibi kwa mikokoteni. Akakaa na wenzake wawili, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, wakaandika mchezo unaitwa The Oregon Trail. Hata skrini hakukuwa nayo, mashine ilikuwa inachapa swali kwenye karatasi na mtoto anajibu. Unaamua ununue chakula kiasi gani, risasi kiasi gani. Ukikosea hesabu unafia njiani. Baadaye mchezo huo ulikuja kuuzwa mamilioni ya nakala.

Nikajiuliza, safari ya kwetu ni ipi? Jibu halikuchukua dakika. Kila mtu wa Makete anaijua: kijana anatoka kijijini, anakwenda kukaa dukani kwa ndugu Makambako au Mbeya, anauza miaka bila mshahara wa maana, halafu siku moja bosi anamfungulia la kwake. Pita Kariakoo uulize maduka mengi ni ya nani, utaambiwa ya Wakinga. Wengine wanasema ni ndumba. Sisi tuliokulia kule tunajua ni kuamka saa kumi alfajiri na kulala juu ya mzigo.

Basi gemu langu likawa hivi. Unaanzia Bulongwa na mtaji wa shilingi 300,000 na siku 60. Unakusanya viazi, unatafuta fuso, unapita Makete mjini, Njombe, mpaka Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu ya Dar na Mbeya, na ya Songea inapochepuka. Kuna namba tatu za kuangalia: mtaji, siku, na jina, yaani watu wanakusemaje. Nilitumia Twine, programu ya bure ambayo Chris Klimas aliitoa mwaka 2009. Unaandika hadithi kwa vipande, halafu unaviunganisha kwa chaguo za mchezaji. Hiyo ndiyo iliyoniokoa, maana kuandika hadithi angalau naweza.

Chaguo kubwa lilikuwa lumbesa. Kwa wale wa mjini: lumbesa ni gunia linalojazwa mpaka mdomo haufungi, linaongezewa kilemba juu na kushonwa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Kwenye gemu langu, ukinunua lumbesa faida inapanda na jina linashuka. Ukipima kwa kilo, faida inapungua ila jina linapanda. Mwishoni aliyepima anafungua duka Makambako na kijiji kizima kinampigia makofi.

Rumeti wangu alilicheza kabla ya likizo. Akachagua kupima kila mara, akashinda, akanirudishia laptopu. "Mzee, hii ni mahubiri, siyo gemu." Nikanuna siku mbili.

Sasa kuna kitu sijawahi kuwaambia. Ada yangu kuanzia kidato cha kwanza alilipa mjomba, ambaye yuko Makambako. Na mjomba ananunua lumbesa. Ananunua mpaka kwa mama, dada yake wa tumbo moja. Hayo magunia ya mama nimeyashindilia mimi mwenyewe kwa miguu yangu tangu niko shule ya msingi.

Alikuja kukusanya mzigo, mvua inanyesha, tukawa tunaota moto jikoni. Nikasema shikamoo mjomba, akaitikia, akauliza chuo vipi. Kwa ujinga wangu nikampa laptopu. Akacheza kwa umakini kabisa, kidole kimoja kimoja. Akanunua lumbesa. Jina likashuka. Siku ya 41 kijiji kikamkataa, gemu likaisha.

Akakaa kimya. Halafu: "Kwa hiyo mjomba, mwizi wa humu ndani ni mimi?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Mama alikuwa anakoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Hakugomba. Alitoa daftari lake kwenye koti, akanikalisha kama mwanafunzi. "Andika. Viazi kilo 2,800. Kwa lumbesa ya kilo 140 ni magunia mangapi?" Ishirini. "Kwa kilo 100?" Ishirini na nane. "Fuso inanitoza kwa gunia. Ushuru nalipa kwa gunia. Vijana wa kupakia nawalipa kwa gunia. Mimi nipime kilo, mwenzangu apige lumbesa, tukifika sokoni nani anaweza kushusha bei? Nikifilisika, ada yako ungelipiwa na hilo jina zuri?"

Sikuwa na jibu. Mama ndiye aliyejibu, taratibu tu, bila kugeuka: "Sawa kaka. Lakini hicho kilemba nakilima kwa jembe lile lile."

Tulikula kimya kimya.

Usiku ule nikamkumbuka Rawitsch. Mwisho wa muhula aliuchapa mchezo wake kwenye karatasi na kuufuta kwenye mashine. Mwaka 1974 alipoajiriwa MECC, taasisi ya kompyuta za shule huko Minnesota, aliuingiza upya. Ila safari hii alirudi kwenye shajara za wale wahamiaji wenyewe, akaangalia magonjwa na hali mbaya ya hewa viliwapata mara ngapi kweli, akarekebisha bahati nasibu ya mchezo ifuate hizo. Mimi hata shajara sikuhitaji kuitafuta, ilikuwa kwenye koti la mjomba!

Asubuhi nikaomba daftari. Alinitazama, akanipa. Usiku tatu nilinakili nauli, viazi vilivyooza, siku ambazo gari lilinasa kwenye tope. Nikaandika gemu upya. Sasa gharama zote zinahesabiwa kwa gunia. Kuna mshindani anayepiga lumbesa. Ukipima kilo peke yako, unafilisika karibu na siku ya 30. Unaweza kuanza kama mfanyabiashara au kama mkulima mwenye watoto wanaosoma. Na kuna chaguo la tatu: kaya tano zinunue mizani kwa pamoja na ziuze kwa kilo tu. Linakula siku nyingi, na kaya moja ikivunjika linakufa. Nimelijaribu mara kumi, limefanikiwa mara mbili.

Mama hakutaka kugusa kompyuta, nikawa namsomea yeye anachagua. Aligoma kuuza siku kumi na mbili, viazi vikaanza kuchipua, muda wa ada ukafika, akauza lumbesa. "Mchezo mbaya huu," akasema. "Lakini ndivyo ulivyo."

Nilichojifunza, walimu wenzangu watarajiwa: nilidhani nimempa mchezaji uchaguzi, kumbe nilimpa mtihani wenye jibu moja na mimi nimeshika alama. Nilimwekea mtu mmoja dhambi ambayo iko kwenye hesabu ya gunia. Kama njia zote mbili hazimuumi mchezaji mahali fulani, hajachagua kitu.

Siku mjomba anaondoka, magunia ya mama yalipanda fuso yakiwa na kilemba kama kawaida. Nisiwadanganye. Ila kabla hajapanda aliniuliza mizani ya kupimia gunia zima inauzwa bei gani Njombe. Nikamwambia nitaulizia. Nilipopita Njombe kurudi chuo niliulizia kweli, nikamtumia bei kwa meseji. Amejibu "nimeiona", basi.

Haya, gemu liko kwenye flashi. Anayetaka kulijaribu aje na flashi isiyo na virusi, na asije kunililia akifilisika. Jumatatu nina testi na sijagusa daftari, niombeeni. Tupo pamoja.