Chuma Hakirudi

Mwaka wangu wa pili chuoni nilirudi gerejini kwa baba, Nakuru, nikijiona najua kila kitu. Hedi ya injini ya gari la mbio, mali ya mteja, ilikuwa mezani. Nikamwambia njia za hewa ni finyu mno. Akanipa tupa na msasa. "Haya injinia, panua."

Nilisugua siku mbili. Nikataka na kuta za silinda ziwe kioo, msuguano uishe. Hapo akanishika mkono. Ukuta wa silinda huachiwa mikwaruzo myembamba inayokatana. Humo ndimo oili hukaa. Ukiulainisha mno, oili haishiki, na ringi za pistoni hukwaruza chuma kikavu.

Kuhusu njia za hewa, alinyamaza.

Tulipolijaribu gari, barabara tambarare lilichanja mbuga. Lakini tukipanda kuelekea Mau Summit, injini ikizunguka polepole, lilikohoa na kukosa nguvu. Njia ikiwa pana kupita kiasi, hewa hupoteza kasi, isijaze silinda wala kuchanganyika vizuri na petroli. Na chuma kikishaondolewa hakirudi.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia?"

Alinunua hedi nyingine kwa pesa alizoniwekea za karo. Muhula ule sikurudi chuoni. Nilibaki naye, nikiwa na kinyongo, nikiishughulikia hedi ya pili. Safari hii nilipima kila njia kwanza, na kila nilipotaka kuongeza kidogo, nilimwuliza.