Kamera Nyembamba na Kamera Isiyoingia Maji

Mtu anayetafuta kamera ndogo hudhani kuwa anachagua chombo tu, na wenye maduka humsaidia kudhani hivyo. Huwekewa juu ya meza vyombo viwili. Kimoja ni chembamba, cheupe kama fedha, chenye kuteleza mfukoni bila ya kuacha uvimbe katika nguo. Kingine ni kinene kidogo, kina rangi kali ya chungwa au nyekundu, na vifuniko vyake hukomewa juu ya mipira. Cha kwanza husifiwa kwa wepesi, cha pili husifiwa kwa kutoogopa maji. Mnunuzi huvipima mkononi, huuliza bei, na aghalabu hununua kile kilichompendeza macho kabla hajauliza. Walakini liko jambo moja ambalo mkono hauwezi kulipima. Kamera humpangia mwenyewe mahali pa kusimama. Chombo kinachoogopa maji humfundisha mwenyewe kuyaogopa pia, na baada ya siku chache mtu ambaye hakuwa mwoga hujikuta anatembea pembeni mwa bahari kama paka.

Jambo hili lilimkabili mwanafunzi mmoja wa sayansi ya bahari katika mwaka 2024. Alikuwa binti wa Paje, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, na mama yake alikuwa mkulima wa mwani tangu miaka ya 1990. Kilimo hicho kilianza kisiwani kwa ajili ya biashara mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na walioushika upesi mpini wake walikuwa wanawake. Mwani huanikwa, hufungwa magunia, hupelekwa ng'ambo, na viwanda huutoa ute unaotiwa katika vyakula na dawa za meno. Ziko aina mbili zilizopandwa zaidi: spinosamu, ulio mgumu kufa na bei yake ni hafifu, na kotonii, wenye bei nzuri zaidi. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kotonii umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi, maana maji hayo hupata joto kupita kiasi. Ncha zake hugeuka nyeupe, hulainika, kisha hukatika na kuchukuliwa na mkondo. Mama huyo alikuwa ametangaza nyumbani kwamba mwaka ule ungekuwa wa mwisho kwake kuingia baharini, kwa sababu ya mgongo. Binti alikuwa akiandika tasnifu juu ya kufa kwa mwani. Alitaka picha za ugonjwa ule, na zaidi ya hizo alitaka picha za mama yake kazini kabla kazi haijakoma. Akiba yake ilitosha kununua kamera moja.

Moyo wake ulielekea kwenye ile nyembamba, wala haikuwa ajabu, kwa sababu kamera za namna hiyo zina historia ya kustahiwa. Kamera ya dijitali ya kwanza, aliyoiunda Steven Sasson katika kampuni ya Kodak nchini Marekani mwaka 1975, ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja katika kanda. Mwaka 2000 Canon walitoa IXUS yao ya dijitali, iliyoenea katika kiganja. Mwaka 2002 Casio wakauza Exilim ya kwanza, ambayo unene wake haukuzidi milimita 11.3. Kutoka mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili hadi kitu cha kusahauliwa mfukoni, muda wa miaka 27! Na wema wa kitu kisichosahauliwa nyumbani kwa sababu ya uzito si mdogo. Kamera bora iliyobaki kabatini haijapata kupiga picha hata moja.

Lakini wembamba una gharama yake. Katika nyingi za kamera hizo lenzi hulala ndani, na kamera ikiwashwa hutokeza kama kichwa cha kobe, ikisukumwa na mota ndogo na magurudumu yenye meno madogo mno. Penye uwazi wa kutokea lenzi ndipo penye uwazi wa kuingia mchanga. Mchanga wa Paje ni mweupe na laini kama unga wa sembe. Punje chache tu zatosha kukwamisha meno yale, na kobe akabaki nusu ndani nusu nje. Fundi wa kuitengeneza hupatikana kwa shida, na akipatikana hutaka malipo yanayokaribia bei ya kamera nyingine.

Hapa pana jambo la kuvutia ambalo wauzaji hawalisimulii. Kampuni ya Minolta ilipata njia nyingine ya kuifanya kamera iwe nyembamba. Katika DiMAGE X ya mwaka 2002, mwanga ukiingia kwa mbele hukutana na kipande cha kioo cha pembetatu kinachoukunja ukaelekea chini, na lenzi zinazovuta picha karibu hupanda na kushuka ndani ya kiwiliwili cha kamera. Hakuna kinachotokeza nje. Njia hiyo ilibuniwa kwa ajili ya mfuko wa koti, na tazama, ndiyo iliyofaa bahari! Maadamu hakuna kitu kinachotoka na kuingia, uso wa kamera waweza kuzibwa kwa kioo. Hapo zamani kupiga picha chini ya maji kulikuwa kazi ya wapiga mbizi wenye vyombo vya gharama, kama Nikonos, iliyotolewa na Nikon mwaka 1963 kutokana na kamera ya Calypso ya Mbelgiji Jean de Wouters. Kwa lenzi ya kukunja mwanga, Pentax waliuza mwaka 2005 Optio WP, iliyostahimili mita moja na nusu kwa muda wa dakika 30. Olympus wakafuata mwaka 2006 na 720 SW ya kuzama mita 3. Mwaka 2010 Sony walitoa TX5, yenye unene usiofika milimita 18, nayo yaweza kuzama mita 3. Hivyo vyombo viwili vinavyowekwa juu ya meza kama mahasimu ni ndugu wa tumbo moja.

Hata picha zao hufanana kuliko watu wanavyodhani. Kipande kinachopokea mwanga ndani ya nyingi za kamera hizi, za aina zote mbili, hakizidi sana milimita 6 kwa 4 na nusu, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kikipewa jua huona vizuri, kikipewa kiza huona chengachenga. Anayechagua kati ya hizo mbili kwa hesabu ya pikseli anapoteza wakati wake.

Msomaji huenda akauliza kwa nini binti hakutumia simu. Swali ni la haki, kwa kuwa simu ndizo zilizoziua kamera ndogo. Makampuni ya Japani yalipeleka sokoni kamera za dijitali za kila aina zaidi ya milioni 120 katika mwaka 2010; katika mwaka 2021 hazikufika milioni 9. Tangu 2016 simu nyingi za bei kubwa zimetengenezwa kustahimili maji. Lakini majaribio yanayozipa sifa hiyo hufanywa kwa maji matamu yaliyotulia, na bahari si hivyo. Kioo cha simu kinachoongozwa kwa kidole huchanganyikiwa kikilowa, kikafungua kisichoombwa. Tena simu ya siku hizi ni mkoba: ndani yake mna fedha, barua, na majina ya jamaa wote. Ni wachache watakaouzamisha mkoba wao baharini ili wapate picha ya mmea.

Kamera nyembamba mpya ni adimu sasa, ila zilizokwisha tumika zapatikana, na vijana wamezipenda upya. Rafiki wa binti alikuwa nayo moja, akamwazima. Kazi ya mwani hufuata bahari wala haifuati saa; wakati wa maji mafu wakulima hukaa nyumbani, na wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, huingia na kamba zao na vigingi vyao kwa muda wa saa chache. Binti akaenda nao katika bamvua moja. Alipita juu ya mchanga uliokauka, akasimama pale maji yalipoanzia, akavuta picha karibu, akapiga picha nyingi zilizo safi. Jioni akamwonyesha mama yake.

Mama alizitazama zote bila ya kusema. Kisha akauliza, "Mwanangu, mbona umepiga migongo tu? Migongo hata wageni huipiga."

Ili kulielewa neno hilo yafaa kuijua pwani ile. Paje ni mahali pa hoteli, na watalii huja ufukweni kuwatazama wanawake walioinama majini kwa kanga za rangi. Baadhi yao huomba ruhusa. Wengine huchomoa kamera, hupiga kwa mbali na kuondoka, na aliyepigwa hana habari kwamba sura yake imesafiri. Kamera nyembamba yasaidia sana katika hilo, kwa kuwa huingia na kutoka mfukoni upesi kama mkono wa mchopozi. Binti hakuwa mgeni wala mwizi, walakini alisimama pale pale waliposimama wao, akaleta walichokileta wao. Hakusimamishwa pale na dharau. Kilichomsimamisha ni hofu ya kulowesha kitu cha watu.

Na picha za ugonjwa hazikupatikana kabisa. Maji ya magotini hutosha kuuficha mwani, kwa sababu uso wa bahari wakati wa jua kali hurudisha mbingu machoni mwa atazamaye, na kila kiwimbi hupinda kilicho chini yake. Lenzi ikishushwa shibiri moja chini ya uso huo, pazia lote huondoka. Ni kweli kwamba maji humeza rangi nyekundu mapema, na hufanya vitu vionekane vikubwa na karibu kuliko vilivyo. Lakini kwa kina kile, na kwa mmea ulio umbali wa mkono, hasara hizo ni ndogo.

Basi akanunua ile ya rangi ya chungwa, iliyokwisha tumika, ya kuzama mita 10. Hapa alihitaji hadhari, kwani maneno "isiyoingia maji" yana mipaka yake. Kila mita 10 za bahari huongeza uzito unaolingana na ule wa anga lote lililo juu ya kichwa. Kinachosimama kati ya uzito huo na mitambo ya kamera ni mpira mwembamba kama uzi mnene, ambao unywele mmoja ukilala juu yake hufungua njia ya maji. Mpira huzeeka hata usipotumika, na watengenezaji hushauri ubadilishwe kila mwaka. Kwa hiyo kamera ya majini iliyokwisha tumika ni ya kushukiwa kuliko nyembamba iliyokwisha tumika. Binti aliitoa betri, akatia karatasi kavu ya kufutia mahali pake, akaifunga, akaizamisha katika ndoo usiku kucha. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu. Toka siku hiyo hakuifungua ufukweni, na kila aliporudi aliiloweka katika maji matamu ili kuondoa chumvi. Kazi hiyo yachosha, na mwenye kamera nyembamba haijui.

Katika bamvua iliyofuata aliingia mpaka kiunoni. Alipata ncha nyeupe alizozihitaji, moja baada ya moja, na kamba zake, na nyuzi za kufungia mbegu. Alipata mikono ya mama yake kwa karibu, na uso wake pia, ukicheka, maana mpigaji alikuwa amesimama mbele yake. Hakuna aliyeibiwa sura siku ile. Rangi ya chungwa, iliyotiwa ili kamera ionekane ikianguka, humtangaza anayeishika kwa kila aliyepo.

Jambo ambalo halikuwa katika hesabu ya binti lilitokea baadaye, alipohitaji mikono miwili kushika kamba ya kupimia. Mama aliipokea kamera kwa vidole vilivyojaa chumvi na majimaji ya mwani. Hakuna aliyemwambia ajifute kwanza. Aliiona bidii ya kukaza kidude kimoja tu, akakikaza, na hakuirudisha mpaka maji yalipoanza kujaa. Picha zake zilikuwa za vitu ambavyo mwanafunzi hakuwa na wazo la kuvitafuta: fundo ambalo wakongwe hulifunga kwa namna yao, samaki wanaokula machipukizi, kigingi kilichong'olewa na mashua, mahali ambapo mwani wa jirani ulikuwa mzima ilhali wa kwao ulikuwa umekufa, hatua kumi tu kati yao. Picha hiyo ya mwisho ilimlazimu binti kuongeza sura moja katika tasnifu yake, juu ya mifereji ya maji baridi inayopita kati ya mashamba, ambayo wakulima huijua kwa miguu.

Chini ya kila picha katika tasnifu liliandikwa jina la mpigaji. Mama aliletewa nakala nyumbani. Aliipekua yote tangu mwanzo, akifuata picha, kisha akataka aambiwe kwa nini ile ya kigingi haikutiwa.