Usinunue kazi yako ya mwisho

Bunia, Mudzipela

Binti yangu mpendwa,

Nakuandikia huko Aru kwa sababu ya maneno uliyonitumia juzi, kwamba somo la kujieleza kwa mdomo na kwa maandishi, pamoja na lile la utangulizi wa utafiti, ni masomo ya kupita tu, na kwamba kazi ya mwisho watu wanajua pa kuipata.

Ni kweli, wanajua. Mtu anaingia sekretaria ya kuchapia kazi, anatoa dola zake, anapewa TFC, yaani kazi ya mwisho wa gradua, iliyotetewa mji mwingine. Jina la mji linabadilishwa, miaka inasogezwa mbele, na asilimia kwenye majedwali zinabaki zilezile. Nimewahi kusoma kazi iliyodai inaeleza biashara ya Bunia, na katika sura ya pili ikataja wapakuaji wa bandari ya mtoni. Bunia ina bandari gani? Kazi ile ilipata alama, ikawekwa maktaba, na anayeandika leo ataichukua kama ushahidi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kuliko hata pesa.

Mwanangu, fikiri umesomaje miaka hii yote. Profesa anasoma, wewe unaandika. Anakuuzia silabasi, wewe unaikariri. Mtihani ukija unamrudishia maneno yake. Kazi ya mwisho ndiyo mahali ambapo hakuna wa kukusomea. Swali ni lako, na jibu unalitafuta kwa miguu yako. Wakati wetu kazi hiyo ilikuja mara mbili: TFC mwisho wa miaka 3 ya gradua, kisha memwari baada ya miaka 2 ya lisansi. Sasa mfumo wa LMD umeleta lisansi ya miaka 3 yenye kredi 180, na kuna idara zinazodai ripoti ya mazoezi ya kazi. Waiite kwa jina lolote, watakuuliza yaleyale: ulitaka kujua nini, waliokutangulia walisema nini, ulitafuta namna gani, ukaona nini. Na hayo ndiyo yanayofundishwa katika yale masomo mawili unayoyadharau. Yafungue tena madaftari yake kabla hujarudi.

Kuna jambo moja la kujihadhari. Katika ukurasa wa mbinu utaona majina ya Pinto na Grawitz. Kitabu chao juu ya mbinu za sayansi za jamii kilitoka Ufaransa mwaka 1964, na katika nchi yetu TFC nyingi mno zinawanukuu, sentensi ileile, iliyonakiliwa kutoka TFC ya mwaka uliotangulia. Ukikipata kitabu, kisome. Usipokipata, usijifanye umekisoma. Eleza ulichofanya wewe: ulikaa soko gani, siku zipi, ukazungumza na nani, nani alikataa kukujibu. Juri yenye akili itauheshimu ukurasa huo kuliko nukuu kumi.

Sasa kichwa cha kazi yako. "Mchango wa mabenki katika maendeleo ya Jimbo la Ituri" ni kikubwa mno. Ituri ina teritwari 5: Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya kuzingirwa, na barabara nyingine hata wanaume wenye pikipiki wanaziogopa. Utamuuliza nani kule Mambasa? Utaishia kujaza majedwali kwa kukisia, na hapo utakuwa sawa na yule aliyenunua.

Wewe uko karibu na Ariwara, soko ambapo wafanyabiashara wa Uganda na wa kwetu wanakutana. Akina mama wa pale wana likelemba zao, yaani vikundi vya kuchangiana pesa kwa zamu. Nenda ukaulize jambo moja tu: wanachangia kwa sarafu gani, shilingi ya Uganda, dola au franka, na kwa nini? Franka ikishuka thamani katikati ya mzunguko, anayepokea mwisho anafidiwa au anapata hasara? Nani anaamua zamu? Mzunguko ukivunjika kwa sababu watu wamekimbia vijiji vyao, deni linamfuata nani? Mtu wa uchumi anaweza kuandika kurasa nyingi juu ya maswali hayo bila kukisia hata tarakimu moja. Juu ya dhahabu ya Kilo-Moto na vita vya hapa Bunia, wageni wameandika sana. Juu ya kibanda cha muuza samaki na hesabu zake, unangoja nani aje kutuandikia?

Wasikilize kwanza, dodoso baadaye. Andika walivyosema wenyewe, kwa Kilingala, Kilugbara au Kiswahili, usiku uleule kabla hujasahau; Kifaransa utakiweka ukiwa umekaa mezani. Majina yao usiyaandike. Wengi watadhani umetumwa na watu wa kodi, kwa hiyo nenda na yule ndugu wa kike wa mama yako anayeuza pale, akutambulishe, na ununue kitu kabla ya kuuliza.

Pesa za kuchapa na kujalidi usiziwazie, nitazitafuta. Lakini sitatoa hata franka moja kwa kazi ambayo siwezi kukuuliza swali juu yake ukanijibu bila kufungua karatasi. Ukirudi Bunia, kabla hujamwona mwalimu atakayekuongoza, pitia hapa na ukurasa mmoja: swali lako, na majibu ya akina mama watatu wa kwanza.

Msalimie baba yako na bibi.

Ni mimi shangazi yako anayekupenda.