Baiti Nne za Mzee Wafula

Kazi yangu ya kwanza jijini Nairobi ilikuwa kuhamisha kumbukumbu za wastaafu kutoka faili kuukuu hadi tarakilishi kuu ya afisi ambayo sitaitaja. (Chuoni tulikuwa tumebishana iwapo iitwe tarakilishi au ngamizi, afisini waliiita mashine tu.)

Rekodi hizo hazikulingana urefu. Kila moja ilitanguliwa na baiti mbili zilizotaja urefu wa maelezo yafuatayo. Mwanaisimu atakitambua hapo kiambishi awali, kinachotuarifu la kutarajia kabla shina halijafika. Tarakilishi kuu nayo hutanguliza baiti nne: mbili za kwanza hutaja urefu, mbili zilizosalia aghalabu ni sifuri.

Nilikosea mara mbili. Kwanza, herufi A, ambayo katika tarakilishi ndogo ni 65, huko ni 193. Nikatafsiri faili nzima, viambishi vikiwemo. Rekodi ya baiti 65 ikajidai kuwa na 193, ikawameza jirani zake. Programu ilikwama papo hapo, nikarekebisha.

Kosa la pili lilikuwa la kimyakimya. Kiambishi cha zamani kilihesabu maelezo peke yake, ilhali kipya hujihesabu na chenyewe. Nami, mwana wa Webuye, niliyekulia karibu na mizani ya barabara kuu iendayo Malaba, ambapo lori hupimwa pamoja na shehena yake! Ilinibidi niongeze nne. Nikanakili tarakimu ilivyokuwa. Kila rekodi ikapoteza baiti nne za mwisho, na mwishoni ndipo lilipokaa jina la ukoo. Wanyonyi akawa Wany. Nekesa akawa Ne. Juma akatoweka kabisa. Mashine haikulalamika.

Aliyelalamika ni mzee mmoja aliyefika dirishani na hundi iliyokataliwa na benki.

“Mwanangu,” akaniuliza, “huyu Wa ni nani?”

Nilimjua kwa lafudhi kuwa ni wa kwetu. Sikumweleza habari za baiti. Nilimwamkia kwa Kibukusu, nikamwomba radhi, na usiku ule nikaendesha programu upya, nne zikiwa zimeongezwa.

Hundi mpya ilimfikia baada ya wiki mbili. Nauli ya safari ile ya kwenda na kurudi ilitoka mfukoni mwake. Akina Juma, ambao hawakufika dirishani, nilianza kuwatafuta mmoja mmoja.