Akiba Ndani ya Pindo

Agosti iliyopita binti wa kaka yangu alikuja kunitembelea Nakuru na mkoba mdogo, nikadhani analala siku mbili. Alikaa wiki tatu. Nilipomuuliza nguo zake ziko wapi, akacheka. "Shangazi, nimegawa zote. Nimebaki na kumi. Ndivyo wanavyoishi wanawake wa Ufaransa."

Alikuwa na kitabu. Mwandishi wake ni Jennifer L. Scott, Mmarekani wa California aliyekwenda Paris kusoma akiwa msichana, akakaa kwa familia moja, kisha akarudi kwao na mafunzo aliyoyaokota kwa mama wa nyumba ile, ambaye kitabuni anamwita Madame Chic. Jioni, mimi nikiambua minji kwenye ungo, yeye alinisomea. Nguo ziwe chache na ziukae mwili vizuri. Manukato yawe ya aina moja, watu wakujue kwayo. Soko liwe la kila siku. Chakula kiliwe mezani, watu wamekaa. Tembea kwa miguu. Usivae matambara nyumbani eti kwa sababu hakuna anayekuona.

Kila alipofunua ukurasa nilimwona mama yangu.

"Nyanya yako alikuwa na nguo saba," nikamwambia.

Akatabasamu vile vijana wanavyotutabasamia tunapoanza kusema kwamba zamani mkate uliuzwa senti fulani. Nikanyamaza, nikaambua minji kwa hasira. Mtoto huyu amelelewa chini ya picha ya nyanya yake ukutani, na ilibidi Mmarekani avuke bahari aende Paris ili amweleze habari za sebuleni kwao. Lakini wa kulaumiwa ni nani? Hatukumwambia.

Basi niseme sasa.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tulikaa Bondeni. Nguo zake naweza kuzihesabu hata leo nikiwa nimefumba macho. Sketi mbili za kazi, ya kijivu na ya buluu nzito. Blauzi nyeupe, moja tu, iliyofuliwa usiku na kupigwa pasi ya makaa alfajiri. Gauni la krimplini la rangi ya kahawia. Kitenge cha sherehe. Koti la baridi ya Julai. Na gauni jeusi, ambalo ndilo lililokuwa mama wa nguo zote: likivaliwa tupu, ni la msiba, likifungwa kitambaa chekundu shingoni, ni la harusi, likitiwa mkanda, ni la mkutano wa wazazi. Sweta alizozifuma mwenyewe hazikuhesabiwa. Kufuma na kushona alifundishwa na akina mama wa Maendeleo ya Wanawake, kile chama kilichoanzishwa 1952 na wake za wakubwa wa kikoloni, ambacho wenyeji walikichukua baadaye wakakigeuza chao.

Kitambaa kilinunuliwa kwa Bhai. Jina lake halisi nilikuja kulijua siku alipofariki. Kwetu alikuwa Bhai, kama walivyokuwa Bhai wote wa mtaa ule mmoja chini ya Kenyatta Avenue, na ukitaka kumtofautisha na wengine unasema Bhai wa nguzo ya kijani. Duka lilikuwa refu na jembamba kama behewa. Asubuhi kulinukia vijiti vya udi alivyowasha mbele ya picha za miungu yake, na kadiri jua lilivyopanda udi ulififia, ikabaki harufu ya kitambaa kipya: wanga, naftalini kidogo, na kitu kingine kama vumbi lililooshwa. Nakuru ni mji wa vumbi. Wengi husema hata jina lake la Kimaasai lina maana hiyo. Vumbi jeupe la Januari liliingia kila mahali, hata kwenye sukari, ila kwa Bhai halikuingia. Alikuwa na kijana mwenye kazi moja tu, kupangusa majora kwa kitambaa kikavu kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja.

Kwenye ukingo wa kaunta palipigiliwa misumari miwili ya shaba, na kati yake palikuwa na yadi moja. Serikali ilipoleta mita Bhai hakuing'oa misumari. Alipima yadi, akageuza kichwani kuwa mita, akakuandikia risiti ya mita, na siku zote hesabu ilimpendelea mteja kwa kidole kimoja. Kisha alikata kwa mkasi kidogo tu, akashika pande mbili, akapasua. Mlio ule siusahau. Mama alikuwa akifumba macho kila ukisikika, kwa maana baada ya hapo hakuna kurudi nyuma, na mshahara ulikuwa mmoja.

Hakukuuzia ovyo. Mama aliwahi kuchagua kitambaa cha maua makubwa ya manjano. Bhai akalikunja jora akalirudisha juu. "Hapana, Mwalimu. Hii iko ya mwaka moja. Wewe nataka ya miaka kumi." Akamteremshia lile jeusi. "Hii hapana chuja. Fua, fua, fua, hapana chuja." Kitambaa kile hakikuchuja kweli.

Nje, barazani, chini ya nguzo ile ya kijani, ndiko alikokaa Fundi na cherehani yake ya Singer ya miguu. Alikuwa mzee wa Bondeni, kofia ya kiua, tepu shingoni, chaki nyuma ya sikio. Alikodisha ile nafasi kwa Bhai, na kati yao wawili palikuwa na ubishi usiokwisha kuhusu kodi na chai. Alipokupima hakukuuliza unataka mtindo gani. Alikuuliza unafanya kazi gani, unatembea umbali gani, una watoto wangapi, na kama unatarajia wengine. Nilidhani ni umbeya. Ilikuwa hesabu. Pindoni aliacha inchi tatu zilizokunjwa ndani, na ubavuni kila upande inchi moja. Hiyo aliiita akiba. "Mwili ni mgeni, Mwalimu," alimwambia mama. "Hujui kesho utakuja na ukubwa gani."

Gauni jeusi lilishonwa lini? Nilimpigia kaka simu. Yeye anasema 1972, kwa kuwa anakumbuka alivunjika mkono mwaka huo na mama alimpeleka hospitali akiwa amelivaa. Mimi nasema 1971, kwa sababu mdogo wetu alikuwa hajazaliwa. Tulibishana mpaka salio likaisha. Na liwe la mwaka wowote. Agosti ile ya 1978, Mzee Kenyatta alipofariki na taifa lote likavaa nyeusi, lake lilikuwa kuukuu tayari, na wala hakununua jipya.

Ufaransa ilikuwepo pia nyumbani kwetu, kwa udogo wa kidole gumba. Chupa ya buluu iliyokoza, yenye nyota za rangi ya fedha: Soir de Paris. Mama aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Juzi, nikimtafutia binti maelezo, ndipo nikagundua kwamba manukato yale ya bei nafuu, yaliyotoka 1928, yaliundwa na Ernest Beaux, mtu yuleyule aliyemtengenezea Coco Chanel ile Chanel No. 5 mwaka 1921. Mama hakujua, na asingejali. Tangu nilipopata akili chupa ilikuwa tupu. Aliiweka bila kifuniko katikati ya nguo sandukuni, na nguo zilinukia kwa mbali, hata huwezi kusema ni maua gani. Ukimkumbatia asubuhi unapata manukato, wino na makaa. Jioni unapata chaki na dania.

Dania kwa sababu alipitia soko la Wakulima kila siku akitoka shuleni, na kikapu chake. Viazi vya Molo, kitunguu, nyanya nne, basi. Hatukuwa na friji. Mboga ya kesho ilikaa shambani kwa mwenyewe. Mchana ofisi zilifungwa saa saba kasorobo hadi saa nane, baba akarudi kwa miguu, tukakaa mezani. Hakuna aliyesema neno mpaka Sauti ya Kenya imalize habari za saa saba. Kisha tukazungumza, na wala hatukuita hayo maisha ya Kifaransa.

Lakini nisidanganye. Binti alipoanza kuandika haya katika daftari lake, macho yaking'aa, nilimzuia. Nguo saba zilikuwa hekima, ndiyo, ila zilikuwa mshahara wa mwalimu kwanza. Ile blauzi nyeupe ya kila siku maana yake ni mwanamke aliyeamka saa kumi usiku kuwasha makaa. Soko la kila siku lilikuwa mabegani pake, si pa baba. Nilimwona siku moja akilia kwa sababu ya tone la mafuta kwenye sketi ya kijivu. Mama wa nyumba ile ya Paris sijui alilia lini.

Na Chanel mwenyewe, ambaye gauni lake jeusi la 1926 husifiwa hadi leo, alikuwa mtoto wa kimaskini aliyefiwa na mama, akapelekwa kwa watawa wa Aubazine, na kwa watawa ndiko alikojifunza sindano. Uchache huo ulianza kwa wasio na kitu. Wenye nacho wakauita mtindo baadaye.

Miaka ya themanini naipitia mbio. Ufaransa ilitujia tena, safari hii kwa njia ya Kinshasa. Mangelepa, Super Mazembe, Virunga: nyimbo za bendi hizo zilifika Nakuru, na wanawake wakaanza kumwambia Fundi awashonee kitenge "kama cha Wazaire", mabega yamesimama, kiuno kimebanwa. Fundi alinung'unika kwamba mabega yale yanakula kitambaa, lakini alishona, na alishona vizuri.

Kisha mitumba. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mlango ulifunguliwa, marobota yakamwagika, na mimi nilikuwa wa kwanza kuinama juu ya rundo. Nilipata koti la sufu lenye lebo ya Paris, kwa bei ya sahani ya chipsi. Nilifurahi kama mwizi. Hakuna aliyeniambia kwamba siku ile nilikuwa naifunga cherehani ya mtu. Rivatex ya Eldoret, Kicomi ya Kisumu, viwanda vilivyofuma vitambaa vya majora ya Bhai, vilinyamaza muongo huohuo. Fundi akabaki kupunguza suruali za Wazungu waliotuzidi miguu. Bhai akafa. Wanawe walikuwa Leicester tayari. Maduka makubwa yakaja, mengine yamezaliwa hapahapa kwetu. Nakumatt haikuwa kitu ila Nakuru Mattresses iliyokatwa jina. Kikapu kikawa mfuko wa plastiki, mlo wa mchana ukawa kitu cha kuliwa juu ya boda. Desemba 2021 tukaitwa jiji. Baraza la nguzo ya kijani limevunjwa. Pamejengwa vioo, ndani kuna vibanda ishirini, kila kimoja kina nguo mia tatu na hakuna hata kiti cha mteja.

Na Wafaransa wenyewe? Machi 2024 wabunge wao walipitisha mswada wa kuzibana nguo za bei ya kutupa zinazowamiminikia kutoka viwanda vya mbali. Nilimwonyesha binti. Watu wanaosemekana kuzaliwa na mtindo wao wanahitaji sheria ili wasiupoteze. Maana mtindo ule hauko katika damu. Unahitaji muuza kitambaa anayekukatalia, fundi anayekuuliza unatembea umbali gani, soko la njiani, na saa moja ya mchana isiyo ya mtu mwingine. Mama hakuwa maridadi peke yake. Mtaa mzima ulimshikilia.

Wiki ya tatu, chapati zangu zilianza kuonekana. Gauni zuri kuliko yote katika yale kumi likagoma kufunga zipu. Tukalipeleka kwa fundi kijana karibu na stendi. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. "Hapa hakuna kitu, Mama. Wamekata mpaka mwisho."

Nikarudi nyumbani nikafungua sanduku. Gauni jeusi limekuwa la kijivu mabegani, lakini kwingine halijachuja. Pindoni kuna mistari mitatu ya sindano za kale: pale lilipokuwa fupi, pale lilipoteremshwa, pale lilipoteremshwa tena. Chupa ya buluu haina harufu yoyote sasa. Nilinusa mara mbili kuhakikisha.

Tukampelekea yule fundi kijana gauni lile. Alilipokea, akalitandika juu ya meza, akalihesabu kwa kidole gumba. Alikaa kimya kidogo.

"Ubavuni bado kuna inchi moja kila upande," akasema. "Huyu alikuwa fundi."

Kisha akataja bei ambayo ingetosha magauni manne ya mtumba. Nikafungua mdomo nibishane. Binti alikuwa ameshalipa. Hilo kitabu kile kimemfundisha, nakiri.